UZI: Kwa nini pengwini aliacha anga akachagua maji?

#1 Mtazama_Mawimbi
Wakuu, habari zenu.

Jana nilisimama karibu saa nzima mbele ya tangi la pengwini kwenye bustani ya wanyama. Nje ya maji anayumba kama mtoto anayejifunza kusimama. Akiteleza tu majini, anakuwa mwingine kabisa. Alipita mbele ya uso wangu, kioo tu kikitutenganisha, nikaona mabawa yanavyopiga, juu na chini, juu na chini, na nyuma yake mstari wa povu jembamba unaotoka ndani ya manyoya. Shingo ameivuta ndani, miguu ameilaza nyuma kama usukani. Nilisahau kwamba namwangalia ndege.

Sasa swali limenikaa kichwani. Kuruka ni zawadi kubwa. Unakimbia adui, unavuka bahari, unatafuta chakula mbali. Kiumbe aliyekuwa nayo anaiachaje? Nani alimnyang'anya, na alipata nini badala yake?

#2 Kokoto
Hakuna aliyemnyang'anya mkuu. Ndege anaruka kwa sababu kuna wa kumkimbia. Ukiwa kisiwani, hakuna paka, hakuna mbweha, hakuna nyoka, bawa ni mzigo tu. Kulijenga ni gharama, kulitunza ni gharama. Vizazi vinapita, linapungua. Swali limeisha.

#3 Upepo_wa_Kusi
Mimi nilifundishwa kwamba ni baridi. Kwenye barafu hakuna wadudu, hakuna matunda, hakuna chochote cha kula juu ya ardhi. Chakula chote kiko majini, kwa hiyo ndege akalazimika kuingia. Tena bawa refu lingepoteza joto.

#4 Mwalimu_wa_Zamu
#3, hilo la barafu linasemwa sana lakini tarehe zinalikataa.

Visukuku vya pengwini wa kale kabisa tunaowafahamu vizuri vimetoka New Zealand. Mmoja anaitwa Waimanu, ana umri wa kama miaka milioni 61. Tayari alikuwa haruki, mifupa yake mizito, mabawa yamefupika. Wakati huo dunia ilikuwa na joto na Antaktika haikuwa na barafu kubwa. Barafu ile ilianza kutanda kama miaka milioni 34 iliyopita. Yaani pengwini aliishi bila kuruka kwa zaidi ya miaka milioni 25 kabla barafu haijafika. Kuvumilia baridi kali kulikuja baadaye.

Na hata leo, kati ya spishi kama 18, kuna mmoja anaishi visiwa vya Galápagos, penye ikweta, na mwingine pwani za Afrika Kusini na Namibia. Hao wanahangaika na jua kuliko baridi.

#5 Upepo_wa_Kusi
Nimekuelewa mwalimu. Asante. Hiyo ya miaka milioni 25 sikuijua kabisa.

#6 Seremala_Mkuu
#2 umefunga mjadala mapema mno. Kutokuwepo adui kunaeleza kwa nini *anaweza* kuacha kuruka. Hakuelezi kwa nini awe mwogeleaji wa namna hii. Visiwani wako ndege wengi walioacha kuruka wakabaki kutembea tu.

Mimi natazama chombo chenyewe. Maji ni mazito kuliko hewa kama mara 800. Bawa la hewani linatakiwa liwe refu, pana, jepesi, likamate hewa nyingi. Ukilipeleka bawa hilo majini ni sawa na kupiga kasia lenye upana wa mlango: litakushinda nguvu au litavunjika. Bawa la majini linatakiwa liwe fupi, jembamba, gumu. Ukilifupisha kwa ajili ya maji, hewani linakuangusha. Ukilirefusha kwa ajili ya hewa, majini linakuchelewesha.

Njia mbili zilimshinda fisi. Ikafika mahali pengwini akachagua moja.

#7 Mzamia_Lulu
Naongezea kwa #6 kutoka kwenye kazi yangu. Mimi ni mpiga mbizi. Siku ya kwanza kufundishwa nilidhani shida itakuwa pumzi, kumbe shida ni kushuka. Mwili unataka kurudi juu. Unapiga miguu, unapiga, ukiacha tu unaelea kama chupa tupu. Ndiyo maana tunavaa mkanda wenye vipande vya madini ya risasi kiunoni.

Ndege anayeruka ana mifupa yenye matundu ya hewa, na mifuko ya hewa mwilini. Kwa kuzama huo ni mkosi mtupu. Pengwini mifupa yake imejaa, ni mizito. Amezaliwa na mkanda wake wa risasi. Kila nikiwaza hilo namheshimu zaidi. Yule wa jamii ya kaisari amepimwa akishuka zaidi ya mita 500 na kukaa chini zaidi ya nusu saa kwa pumzi moja. Wenye kazi hii mnajua maana yake.

#8 Dodoki
Nijuavyo, kiungo usipokitumia kinasinyaa. Pengwini waliacha kutumia mabawa kuruka, yakasinyaa, watoto wakazaliwa na madogo. Ni kama mkono uliofungwa plasta miezi mitatu.

#9 Mwalimu_wa_Zamu
Dodoki, mkono wa plasta unasinyaa kweli, lakini mtoto wako hazaliwi na mkono mwembamba kwa sababu yake. Kinachorithiwa ni jeni, na jeni haziandiki mazoezi yako.

Liweke hivi: katika kundi moja, vifaranga wanazaliwa wakitofautiana kidogo. Huyu bawa fupi kwa milimita mbili, yule refu. Kama kuzamia ndiko kunakoleta samaki, mwenye fupi anashiba zaidi, analea makinda zaidi, na ufupi unaenea. Hakuna ndege hata mmoja aliyesinyaa. Kundi ndilo lililobadilika.

Na tena, la pengwini halijasinyaa. Limebanwa likawa bapa, viungo vya kiwiko na kifundo vimekazana hata karibu havikunjiki, nguvu yote inatoka begani. Hicho ni chombo kilichonolewa.

#10 Kokoto
Narudi kwa Seremala. Nadharia yako ya fisi ni tamu lakini ina shimo. Mtazame mnandi wa Galápagos. Anaishi visiwa viwili tu, Isabela na Fernandina, haruki, mabawa yake ni kama theluthi ya ukubwa ambao angeuhitaji ili aruke. Lakini majini anasukuma kwa *miguu*! Mabawa ameyabana mbavuni. Sasa huyo bawa lake lilikuwa linatumikia njia gani mbili? Maji hayakumdai bawa fupi. Ni kisiwa kisicho na adui, basi.

Na cha kusikitisha, akitoka majini bado anasimama juu ya mwamba na kuyatandaza yale mabawa mafupi yaliyochakaa ayakaushe juani, kama wanavyofanya ndugu zake wanaoruka.

#11 Seremala_Mkuu
Hapo umenibana, nakubali. Mnandi yule simwezi kwa nadharia yangu. Ila wewe nawe huwezi kumchukua mnandi mmoja ukamjibia pengwini.

#12 Jeni_Tatu
Huyo mnandi ana habari nzuri zaidi. Mwaka 2017 watafiti walisoma jeni zake na kuzilinganisha na za minandi wanaoruka. Alijitenga na ndugu zake kama miaka milioni 2 tu iliyopita, muda mfupi sana. Walikuta mabadiliko kwenye jeni kadhaa zinazohusu vinywele vidogo mno vya seli, vile ambavyo seli hutumia kupokea taarifa za ukuaji. Na nyingine inaitwa CUX1, ambayo inahusika na ukuaji wa gegedu na mifupa. Kwa binadamu, hitilafu katika jeni za kundi hilo la vinywele huleta magonjwa ya mifupa kuwa mifupi.

Kwa hiyo huenda kulifupisha bawa si kazi ngumu kwa maumbile. Swali gumu ni kwa nini mwenye bawa fupi hakufa.

#13 Mtazama_Mawimbi
Sentensi yako ya mwisho nimeisoma mara tatu, #12. Ndilo swali langu hasa, umeliuliza vizuri kuliko mimi.

#14 Ramani_ya_Nyota
Seremala usikate tamaa, fisi wako ana shahidi. Kaskazini ya dunia kuna ndege wa jamii ya auki. Mmoja ni gilimoti, mweusi mgongoni, mweupe tumboni, ukimwona amesimama unaweza kuapa ni pengwini mdogo. Uzito kama kilo moja. Huyu anaruka *na* anazamia kwa mabawa yaleyale, hadi zaidi ya mita 200 chini.

Utafiti uliotoka 2013 ulimpima nguvu anazotumia. Akiruka anateketeza nishati mara 31 ya anayotumia akiwa amepumzika. Wakati huo hakikuwa kimepimwa kiumbe chenye uti wa mgongo kinacholipa gharama kubwa hivyo kwa kuruka. Wakampima na mnandi pia, wa aina inayoruka, si yule wa Galápagos. Majini gilimoti ana nafuu kuliko mnandi anayepiga miguu, lakini bado analipa zaidi ya pengwini.

Gilimoti yuko pale kwenye njia panda hadi leo, na mguu mmoja kila upande. Akifupisha bawa kidogo zaidi, hapandi tena.

#15 Pwaguzi
Kwa hiyo kuna fisi aliyeziweza njia zote mbili, ila anahema. 😂 Seremala, rekebisha methali yako.

#16 Seremala_Mkuu
Pwaguzi, anahema mara 31! Methali inabaki kama ilivyo. Ramani ya Nyota, ahsante sana, hizo takwimu nilikuwa sina.

#17 Bibi_Kasuku
Naomba kuuliza bila kuchekwa. Pengwini na mbuni si ndugu basi? Wote hawaruki.

#18 Mwalimu_wa_Zamu
Hakuna wa kukucheka, ni swali zuri. Si ndugu wa karibu. Ndugu wa karibu wa pengwini walio hai ni albatrosi na petreli, haohao mabingwa wa kupaa juu ya bahari. Inashangaza, lakini jeni ndivyo zinavyosema.

Ukitaka kuwatofautisha, tazama mfupa wa kidari. Ndege anayeruka ana ukingo mrefu katikati ya kidari, kama mkuku wa jahazi, ndipo inaposhikilia misuli ya mabawa. Mbuni hana, kidari chake ni bapa. Pengwini anao, tena mkubwa. Maana yake misuli ya kuruka hakuitupa. Anaruka bado, ila ndani ya maji.

#19 Bibi_Kasuku
"Anaruka bado, ila ndani ya maji." Hii naondoka nayo.

#20 Mkono_wa_Birika
Watu wamesahau kwamba jina pengwini mabaharia walilitumia kwanza kwa ndege mwingine kabisa. Auki mkubwa, wa Atlantiki ya Kaskazini. Kimo kama sentimita 80, uzito kama kilo 5, bawa dogo lisiloweza kumwinua, mzamiaji hodari. Ni ndugu wa gilimoti wa #14. Mabaharia waliposhuka kusini wakaona ndege wanaofanana naye, wakawapa jina lake.

Alizalia kwenye miamba michache ya baharini ambayo mnyama wa nchi kavu hafiki. Hapo Kokoto yuko sahihi. Kisha wakafika watu. Wakamchinja kwa nyama, kwa mafuta, kwa manyoya ya magodoro. Juni 1844, kwenye kisiwa cha Eldey, Iceland, walikamatwa wawili wa mwisho waliokuwa wamelalia yai. Wakauawa kwa ajili ya mkusanyaji, na yai likapasuliwa.

Sitaki kuharibu mjadala, ila kila nikisikia "hakuhitaji kuruka" namkumbuka yule. Alihitaji, siku moja tu.

#21 Ramani_ya_Nyota
Nyongeza ndogo: wapo wanaokubali kwamba mmoja alionekana 1852 karibu na Newfoundland. Lakini baada ya hapo, kimya.

#22 Mtumbwi_Mwekundu
Mmeshikilia bahari tu. Ziwani je? Ziwa Junín la Peru, zaidi ya mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, kuna kibisi asiyeruka, hapatikani popote pengine duniani. Ziwa Titicaca nako yuko wa aina yake. Vibisi hawa hawasukumi kwa mabawa, ni miguu. Mimi naona kwao sababu ni kukaa tu: samaki wapo mwaka mzima, ziwa haligandi lote, hana safari ya kwenda popote. Anayeruka anapoteza nguvu bure.

Na kuna bata wa Amerika ya Kusini wanaokimbia juu ya maji huku wakipiga mabawa kama meli za zamani zenye magurudumu ya pembeni. Spishi nne, tatu haziruki. Hata katika ile moja inayoruka, baadhi ya madume ni wazito mno, hawanyanyuki. Ndugu wa spishi moja, huyu juu, huyu chini!

#23 Dodoki
Basi hizo ni sababu nne sasa. Adui hayupo, bawa haligawiki, hana safari, na uzito. Tuchague ipi?

#24 Kokoto
Ya kwanza.

#25 Seremala_Mkuu
Ya pili.

#26 Mtumbwi_Mwekundu
Ya tatu, ila kwa vibisi tu.

#27 Mchunga_Bata
Mimi nina ya tano, na nimeiona kwa macho. Nimeangalia bata wa porini kwenye bwawa kwa miaka mingi. Kila mwaka kuna wiki chache wanapoteza manyoya yote ya mabawa kwa mpigo. Hawaruki kabisa. Wanajificha kwenye matete, mabawa yamebaki vijiti vyenye bluu ya manyoya mapya yaliyofungwa bado kwenye maganda yake. Mara ya kwanza nilidhani wanaumwa.

Nikaja kusoma kwamba auki na petreli wazamiaji nao hivyohivyo. Sasa fikirini: ndege wa aina hiyo, wiki kadhaa kila mwaka, anaishi kama pengwini. Bawa fupi, anazamia, anakula, anapona. Bado tu zile wiki zirefuke. Daraja la kupita tayari lipo, na linajengwa upya kila mwaka.

#28 Jeni_Tatu
Hii ni nzuri mno. Inajibu pingamizi la watu wanaosema "nusu bawa ina faida gani". Bawa fupi la wakati wa kunyonyoka linafanya kazi majini.

#29 Shamba_la_Nuru
Mimi naamini Mungu ndiye aliyemuumba pengwini alivyo, na sioni haya kulisema. Lakini nimesoma uzi huu wote kwa furaha. Anayetaka kumjua fundi, aitazame kazi yake kwa karibu. Endeleeni.

#30 Mwalimu_wa_Zamu
Karibu sana #29. Kutazama kwa karibu ndiyo kazi yetu wote hapa.

#31 Tanga_Mbili
Kwani mababu wa pengwini si wale ndege wenye meno wa enzi za dinosaria? Hesperonisi sijui. Alikuwa haruki na anaogelea.

#32 Mwalimu_wa_Zamu
Hapana. Hesperonisi alielezwa kisayansi mwaka 1872, kutoka miamba ya Kansas, Marekani. Meno anayo, mabawa karibu hayapo, anasukuma kwa miguu. Lakini ukoo wake ulikatika wakati wa maangamizi ya miaka milioni 66 iliyopita, haukuacha mtoto. Pengwini walianza upya.

Tena tazama tarehe. Maangamizi ni milioni 66. Mijusi wakubwa wa baharini waliokuwa wakitawala maji wakatoweka. Milioni 61, Waimanu tayari yuko majini. Mimi ndiyo maana naegemea sababu ya sita: bahari ilibaki wazi. Mlango ulifunguka, wa kwanza kuingia akapata nafasi.

#33 Mzamia_Lulu
Na walipoingia walikua! Kisukuku kilichotangazwa 2023, Kumimanu, kutoka New Zealand hukohuko, kinakadiriwa kilo 150 hivi. Kaisari wa leo mkubwa ni kama 40. Mwili mkubwa unahifadhi joto, unabeba oksijeni nyingi, unashuka ndani zaidi. Ukishaacha kuruka, hakuna tena anayekupimia uzito.

#34 Kokoto
Mbona sasa hawapo hao wakubwa?

#35 Ramani_ya_Nyota
Wengi wanawanyooshea kidole sili na nyangumi wenye meno, waliokuja baadaye wakala samaki walewale. Ila wataalamu hawajakubaliana kuhusu hilo.

#36 Bibi_Kasuku
Na je, ni kweli hawaonji utamu?

#37 Jeni_Tatu
Kweli. Utafiti wa 2015 ulikuta jeni za kuonja utamu, uchungu na ladha ya nyama zimeharibika kwao. Zimebaki za chumvi na uchachu. Lakini samaki anamezwa mzima, hana muda wa kuonja. Tunaondoka kwenye mada.

#38 Pwaguzi
Anakula samaki kila siku na ladha yake haijui. Maskini kaisari.

#39 Mkata_Kuku
Mtazama_Mawimbi, uliandika #1 kwamba bawa linapiga "juu na chini". Hapo kuna siri ambayo hakuna aliyeigusa.

Chukua kidari cha kuku kibichi. Chini ya ule msuli mkubwa kuna msuli mwingine mdogo, mwembamba, umelala kwenye mfupa. Mkubwa unavuta bawa chini. Mdogo unaliinua. Lakini unaliinuaje wakati uko *chini* ya bawa? Kano yake inapita kwenye tundu la begani kama kamba kwenye kapi, inazunguka, inashika mfupa wa bawa kwa juu. Ukivuta ile kano, bawa linainuka lenyewe.

Hewani ndege anahitaji nguvu hasa akipiga chini, ndiko anakojibeba. Majini hakuna cha kujibeba, kila pigo linaweza kusukuma, la chini na la juu. Kwa pengwini ule msuli mdogo umenenepa sana. Kwa hiyo kile ulichokiona kwenye kioo ni injini inayofanya kazi pande zote mbili.

#40 Seremala_Mkuu
Kapi! Miaka yote nakata kuku sijaliona hilo.

#41 Mtazama_Mawimbi
Nimetoka jikoni sasa hivi, mikono bado ina mafuta. Nimeutenga msuli mdogo kwa kidole, nimefuata kano nyeupe mpaka inapoingia begani, nikaishika kwa kitambaa kwa sababu inateleza. Nimevuta. Bawa limenyanyuka taratibu mpaka juu. Nimeachia, limeshuka. Nimemwita mdogo wangu naye akavuta.

Kesho nikipata bata nitalinganisha unene wa ile misuli. Kokoto na Seremala, msinisubiri, endeleeni.

#42 Kokoto
Mimi bado nasema kisiwa.